Puran Mchagua Mazulia

Yadula alifia koridoni asubuhi ya Alhamisi, katikati ya majira ya baridi, akiwa amevaa kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa mkononi. Alikuwa anatoka kwenda kununua mkate. Ngazi za jengo lao ni nyembamba na machela ya watu wa gari la wagonjwa haikuweza kukata kona, kwa hiyo wale vijana wawili, pamoja na jirani wa chini na Kaveh mwanawe, walimlaza kwenye zulia refu la korido, wakalishika ncha kwa ncha, wakamshusha nalo ghorofa mbili mpaka nje kwenye theluji. Puran, mkewe, alisimama mlangoni na kisu cha mboga mkononi. Alikuwa anaangalia jinsi wanavyoshika. Alitaka kuwaambia wasivute kwenye matamvua, yatachomoka.

Siku ya tatu, watu wa msikiti walipouliza kama familia ingependa kutoa kitu kwa ajili ya marehemu, Puran alijibu kabla hawajamaliza.

"Chukueni zulia."

"Lile la baba?" Kaveh akauliza. "Mama, lile alilinunua mwaka mliooana."

"Lichukuliwe."

Likachukuliwa. Watu wakamsifu kwa moyo wa kutoa.

Hakulia. Siku ya saba hakulia, na siku ya arubaini hakulia. Aligawa tende na halua ya zafarani, akapokea pole za watu, akaosha gilasi za chai. Wengine walisema ni mwanamke jasiri. Mmoja alinong'ona kwamba huyu roho yake ni jiwe, na bahati mbaya yake alinong'ona karibu na Ehteram, dada wa marehemu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Ehteram alimpelekea sinia la tende mpaka puani.

"Kula, dada," akamwambia. "Mdomo wako upate kazi."

Mwenyewe Puran hakujua kama ni jasiri au ni jiwe. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa, unajua ni wako, lakini habari haifiki. Alipika chakula cha mtu mmoja na kukimaliza bila kukumbuka alikula nini. Alikunja nguo za Yadula, akazitoa. Alikuwa na miaka hamsini na minane, amestaafu kushona mashuka ya hospitali, na siku nzima ilikuwa yake na hakuwa na la kuifanyia.

Korido ikabaki vigae vitupu vya kijivu, hatua saba kutoka mlango wa nje mpaka dirisha. Pale Hamadan, mji wa Iran chini ya mlima Alvand, baridi hukaa sakafuni hata miti ikishachipua. Puran alipita pale na ndara zake, kwa, kwa, kwa, na sauti ikamrudia kutoka ukutani.

Mwezi wa tano Nasim, mke wa Kaveh, alikuja na binti yao Delara, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Mtoto alitoka jikoni mbio, soksi zikateleza, akaanguka kifudifudi akachanika mdomo. Nasim alimwosha damu.

"Mama, nisamehe," akasema, "lakini mtoto simleti tena hapa mpaka pawe na kitu sakafuni."

"Sawa," Puran akasema.

"Sawa utanunua?"

"Sawa, usimlete."

Nasim alilia njia nzima kurudi kwao. Usiku huohuo Kaveh alimpigia simu shangazi yake, na kesho yake saa tatu Ehteram alikuwa mlangoni, mkoba kwapani.

"Vaa viatu, wifi. Tunakwenda sokoni."

"Kufanya nini?"

"Kununua zulia. Mimi nikipita hapa najiona nimeingia chumba cha kuoshea maiti. Vaa."

Puran akavaa. Wakati ule alikuwa akifanya chochote alichoambiwa na mtu wa mwisho kuongea naye.

Duka waliloliingia lilikuwa ndani kabisa, nyuma ya wauza sufuria za shaba, kwenye ua wenye maduka ya mazulia pande zote nne. Mwenyewe aliitwa Haji Zarabi, mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye alikuwa ameketi juu ya mazulia yaliyokunjwa na gilasi ya chai kwenye goti. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alimtazama Ehteram kidogo pembeni ya pale alipokuwa.

"Karibuni, mama zangu. Leo mmeniletea baraka."

"Baraka utaiona ukitupunguzia," Ehteram akasema. "Tunataka zulia la korido. La mkono, la sufu tupu. Usituletee la kiwandani ukatuapia kwamba limefumwa na bibi yako."

"Bibi yangu alikuwa mvivu, hakufuma hata soksi. Urefu?"

Ehteram akamgeukia wifi yake. "Urefu?"

"Hatua saba."

Haji akamwita mpagazi wake, na mazulia yakaanza kurushwa sakafuni, membamba, marefu, moja juu ya jingine. Lilikuja la samawati lenye duara tatu katikati. Likaja jekundu lililojaa maua ya korosho toka ncha hadi ncha. Likaja la rangi ya ngamia, kisha moja la kijani.

"Hili vipi, wifi?"

"Zuri."

"Na hili jekundu?"

"Zuri."

"Na lile la kijani lililofanana na matapishi ya paka?"

"Zuri."

Ehteram akashusha pumzi. "Haji, umeona mkosi wangu? Nimekuja na mnunuzi kipofu."

"Basi tuko wawili," Haji akasema, akacheka taratibu. "Mimi mwenyewe nauza kwa kumbukumbu."

Ehteram aliamua. Alilipenda lile jekundu la maua ya korosho, akasema litachangamsha nyumba, akaanza kubishana juu ya bei. Walipokuwa katikati ya mabishano, Puran, aliyekuwa amechoka kusimama, alichuchumaa. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kona ya zulia. Ukaigeuza. Kidole gumba kikapita mgongoni, kikahesabu mafundo ya upana wa kidole kimoja, kikarudi mbele, kikayasukuma manyoya yalale, kikasubiri.

"Hii sufu imekufa," akasema.

Mabishano yakakoma.

"Unasemaje, mama?" Haji akauliza.

"Haikukatwa kwa mkasi kwenye kondoo mzima. Imeng'olewa kwenye ngozi ya aliyechinjwa, kwa chokaa. Ukiilaza haiinuki. Miaka mitano tu, njia mnayopita itakuwa na upara." Alilowesha ncha ya leso yake kwenye chai ya Haji bila kuomba, akasugua kwenye wekundu, akamwonyesha Ehteram leso. "Na rangi inatoka."

"Mama, zulia hili nimenunua kwa mtu ninayemwamini."

"Na yeye anakuamini. Anaamini huoni."

Alisema bila ukali, kama mtu anayesoma saa ukutani. Mpagazi aliangalia dari. Haji akalivuta la samawati kwa mguu wake, akalisogeza mbele ya Puran.

"Hili?"

Puran akaligeuza. "Hili ni zima. Mtande wa urefu ni pamba, mshindio wa kukatiza umepita mmoja mmoja. Waliofuma ni wawili. Wa kushoto ana mkono mzito, anakaza. Wa kulia anavuta polepole, labda msichana. Ndiyo maana upande mmoja ni mrefu kwa vidole vitatu. Likitandikwa litapinda kidogo kama njia ya mbuzi."

"Na kijiji?"

"Upande wa Malayer. Si mbali na kwetu."

Wakarudi nyumbani mikono mitupu. Ndani ya teksi Ehteram alinyamaza mpaka mzunguko wa barabara, jambo lisilo la kawaida yake.

"Miaka thelathini na tisa umekuwa mke wa kaka yangu," akasema hatimaye, "sijawahi kukuona ukigeuza zulia."

"Sikuwa na haja."

Ukweli ni kwamba Puran aliwekwa mbele ya kitanda cha kufumia mazulia akiwa na miaka sita. Kijijini kwao kila nyumba ilikuwa nacho, na watoto wa kike waliketi kwenye ubao mmoja na mama zao. Mama yake alikuwa akitaja rangi kwa sauti ya kuimba, mbili nyeusi, moja nyekundu, ruka, tatu samawati, na vidole vya Puran vikifuata. Alifunga mafundo miaka kumi na mitatu. Yadula, dereva wa lori aliyepita kubeba zabibu, alipomposa alimwambia kwamba kwake hatafunga tena hata fundo moja, na alitimiza. Zulia la korido alilinunua tayari, kazi ya mikono ya watu wengine, na Puran alilikanyaga miaka yote hiyo kwa raha ya mtu asiyedaiwa kitu nalo.

Wiki mbili baadaye Haji Zarabi alimpigia simu Ehteram, maana ndiye aliyeacha namba. Alisema ndugu yake aliyekuwa akimkagulia mizigo amehamia Isfahan kwa binti yake, na yeye mwenyewe anasubiri kufanyiwa upasuaji wa macho. Mizigo ya vijijini hufika Jumamosi na Jumanne. Angeweza yule mama kuja kukaa naye siku hizo mbili, atazame migongo?

"Nimemwambia utakwenda," Ehteram akamwarifu.

"Sawa," Puran akasema.

Akaenda. Aliketi kwenye kigoda chini ya dirisha, nguo zake nyeusi tii, na mpagazi akimrushia zulia moja baada ya jingine. Lililo zima aliliweka kulia, bovu kushoto. Hakueleza sana. Wafumaji wa kike waliokuja na kazi zao wenyewe walimwogopa mwanzoni. Baadaye wakagundua kwamba akisema kazi ni nzima, Haji halipunguzi neno lake, wakaanza kumletea mtindi na zabibu kavu. Alishukuru akaziacha mezani.

Wateja nao wakaanza kumfuata. Walikuja wakiwa na picha kwenye simu, wanataka zulia lifanane na pazia. Puran aliwauliza mambo mengine kabisa. Mlango unafungukia ndani au nje, maana manyoya marefu yatauzuia. Dirisha liko upande gani. Nani anapita hapo na viatu. Kuna paka? Aliwaambia waache kiganja kimoja cha sakafu kila upande, zulia lisibanwe na ukuta kama mgonjwa kitandani. Alichagulia watu wa Hamadan, wa Arak, hata bwana harusi mmoja aliyekuja na mama mkwe wake na kutetemeka kama anafanya mtihani. Jioni alirudi kwenye vigae vyake. Kwa, kwa, kwa.

"Mama Kaveh," Haji alimwuliza siku moja, "hata moja halijakuvutia?"

"Yote ni mazuri."

"Hilo jibu la kwenye hitima."

Puran akavuta zulia lililofuata.

Majira ya majani kupukutika walikuja mume na mke. Mume aliitwa Mwalimu Vosuki, amefundisha hesabu maisha yake yote, mrefu, sweta limefungwa vifungo vibaya. Mkewe, Bi Tahere, alikuwa na ule ugonjwa wa kutetemeka. Alipofika kizingiti cha duka miguu yake iliganda kabisa, kama imegundishwa. Mwalimu aliweka ncha ya kiatu chake mbele yake, mkewe akaivuka, akaingia.

"Ndivyo alivyo," mwalimu akaeleza. "Barabarani anatembea. Nyumbani, kwenye korido, anakwama. Daktari akasema tuweke mistari sakafuni, aivuke mmoja mmoja. Nimebandika utepe mweupe."

"Amebandika kila mahali," Bi Tahere akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini kavu. "Nyumba yangu imekuwa uwanja wa mpira. Nasubiri refa tu. Nikamwambia, Vosuki, kama ni lazima nivuke kitu, basi nivuke kitu cha maana."

Puran aliinuka kwenye kigoda. Hakuwa na desturi ya kuinuka.

"Tembea, dada," akasema. "Hapo, mpaka kwenye nguzo."

Bi Tahere akatembea akimshika mumewe, na Puran akafuata nyuma akipima hatua zake kwa shibiri. Mbili na kidogo. Kisha akawaambia warudi wiki ijayo. Alitafuta siku tatu. Alitaka zulia lenye manyoya mafupi lisilokwaza mguu, lenye maumbo ya almasi yaliyopangwa mstari mmoja, kila almasi umbali wa shibiri mbili na kidogo, na pindo jeusi ili macho yaone ukingo. Mikono ya watu si mashine. Almasi za zulia moja hunenepa na kukonda kadiri mfumaji anavyochoka. Alikunjua na kukunja mpaka mpagazi akaanza kuguna. Alilipata Jumanne ya pili, chini kabisa ya rundo la Haji, almasi kumi na moja nyekundu kwenye uwanja wa samawati iliyoiva.

Baada ya siku kumi Bi Tahere alimpigia simu. "Njoo ulione likiwa sakafuni. Usilete kitu."

Puran alikwenda na keki ndogo, kwa sababu haiwezekani kwenda mikono mitupu. Mwalimu alimfungulia. Bi Tahere alisimama mwisho wa korido, kwenye mlango wa chumba cha kulala, mkono ukutani. Akaitazama almasi ya kwanza, akaivuka. Ya pili. Mwalimu alikuwa mbele yake akirudi kinyumenyume, mikono ameinyoosha lakini hamgusi. Kwenye ya nne alisita.

"Hii ni fupi," Bi Tahere akasema. "Hapa mfumaji alikuwa na haraka."

"Au mtoto alikuwa analia," Puran akasema.

"Tumsamehe basi." Akaivuka, akaendelea mpaka jikoni, akaketi kwenye kiti huku akihema. Alikuwa na jasho juu ya mdomo. "Kwako umetandika la namna gani?"

"Sijatandika."

"Mchagua mazulia hana zulia?"

"Nataka niwe nasikia," Puran akasema.

Bi Tahere alimtazama. Mwalimu akaleta chai, wakaongea juu ya bei ya kitunguu.

Alipofika nyumbani Ehteram alikuwa ngazini anamsubiri, amemletea supu ya tambi na maharage kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Waliingia. Ehteram alipita koridoni, ndara zikapiga, na hasira yake ikapanda.

"Miezi mitano unachagulia mji mzima. Mimi watu wananiuliza, wifi yako ana nini. Niwaambie nini? Unamkomoa nani kwa vigae hivi? Nasim? Mimi?"

Puran alikuwa anavua koti. Aliendelea kulivua, akalitundika.

"Nilimsikia," akasema.

"Nani?"

"Yadula. Nilikuwa nakata mboga. Nikasikia kishindo kidogo, kizito, kama kiatu kimedondoka. Zulia lile lilikuwa nene. Nikamkaripia. Nikasema, polepole, baba, watu wa chini wamelala. Nikaendelea kukata. Nilikata mboga zote, Ehteram. Mashada yote manne. Nikazitia kwenye sufuria, nikakaanga. Kisha ndio nikaona kwamba mlango wa nje sijausikia ukifungwa."

Ehteram aliweka sufuria chini, pale pale sakafuni.

"Robo saa," Puran akasema. "Labda zaidi. Lingekuwa halipo zulia, ningesikia kwamba si kiatu."

Sauti yake ilikuwa ileile ya kusema sufu imekufa. Ehteram alivuta kiti cha simu, akaketi, miguu imetanuka, kitambi mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alionekana mzee.

"Daktari alisema alikuwa ameshaondoka kabla hajafika chini," akasema. "Ulikuwepo. Alituambia sote wawili."

"Nilimsikia."

"Sasa?"

"Nilimsikia daktari, lakini sikuwa na pa kuliweka neno lake."

Jirani wa chini alikuwa anagonga nyama.

"Mimi jana yake aliniomba nimpe ule mtungi wa achari," Ehteram akasema. "Ule wa vitunguu saumu, wa miaka saba. Nikamwambia subiri ufike wa nane. Nikamnyima kaka yangu achari. Mpaka leo siwezi kufungua ile kabati." Akajipangusa uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anajipiga. "Na maneno ya mwisho uliyomwambia si mabaya, wifi. Ulimwita baba, ukamwambia polepole. Watu wengine wanaachana na matusi."

Puran alifikiria hilo. Alilifikiria kama alivyofikiria mgongo wa zulia, bila haraka. Halikumfutia kitu. Lakini aliona kwamba mikono yake ilikuwa ya baridi, na miezi mingi ilikuwa imepita tangu atambue baridi ya mikono.

"Supu inapoa," akasema, na wakala.

Jumamosi iliyofuata alipima korido yake kwa shibiri, mbele na nyuma, milango na yote. Hakuna aliyemtuma. Dukani alimaliza kazi ya Haji kwanza, kisha akafungua mzigo wa mwanamke mmoja aitwaye Golbahari, mfumaji wa upande wa Tuyserkan, ambaye hufuma peke yake kwa sababu dada zake wameolewa. Kulikuwa na zulia la korido la rangi ya samawati nzito, lenye maua madogo ya kahawia na pindo la ngamia. Theluthi ya mwisho samawati yake ilikuwa imefifia, kwa sababu rangi ya birika la kwanza ilimwishia akachemsha nyingine. Wateja hulikimbia zulia kama hilo. Puran alililaza, akasukuma manyoya, yakainuka.

"Umelipenda," Haji akasema. Alikuwa ameshafanyiwa jicho moja, na sasa alimtazama kila mtu kwa udadisi wa kuudhi.

"Linaenea."

"Mama Kaveh, mimi nauliza habari ya moyo, wewe unanijibu habari ya upana."

"Upana ndio ninaoujua, Haji."

Alilipa kama mteja mwingine yeyote, ingawa Haji aliapa kwa makaburi ya wazazi wake kwamba hapokei, kama inavyopasa kuapa, na mwishowe akapokea.

Kaveh alilipandisha begani. Alilikunjua koridoni, akarudi nyuma, akakunja uso. "Mama, mbona nikilitazama kutoka huku ni jeusi, na ukiwa dirishani lile lile ni la kung'aa?"

"Ni manyoya yalivyolala. Kila zulia lina upande wake."

"Tuligeuze basi? Anayeingia aone kule kunakong'aa."

Puran alitazama kwa muda. "Liache. Anayeingia atalizoea. Mimi nakuwa jikoni, nataka nilione likiwa na mwanga." Kisha akamwonyesha mahali pa kuchomeka kipande cha sufu ngumu chini lisiteleze, na Kaveh akapiga magoti akafanya alivyoelekezwa. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu. Puran alimshika bega, akaona kwamba mwanawe amekonda, na kwamba huenda alikonda zamani.

Hitima ya mwaka ilikuwa Ijumaa. Watu walivua viatu mlangoni, wakapita juu ya zulia jipya kimya kimya mpaka sebuleni. Nasim alikuja na Delara. Mwalimu Vosuki alikuja peke yake, akaleta salamu za Bi Tahere, ambaye hakuweza ngazi. Halua ilikolea zafarani. Watu walipoondoka Ehteram alitoa kwenye mkoba kitambaa cha kichwani, cha rangi ya zambarau yenye maua, maana mwaka ulikuwa umetimia na ni watu wa marehemu ndio wanaopaswa kumvua mjane weusi. Alimfunga mwenyewe, mbele ya kioo, akakaza fundo chini ya kidevu.

"Naonekanaje?" Puran akauliza.

"Kama mtu anayeumwa jino. Lakini ni mwanzo."

Puran alitabasamu, au mdomo wake ulifanya hivyo. Waliosha vyombo. Wakati anapangusa sinia machozi yalimtoka kidogo, bila kwikwi, akaendelea kupangusa, na Ehteram akaendelea kusuuza akisimulia habari ya binamu yao aliyenunua gari bovu. Hayakudumu. Ilikuwa mara ya kwanza, na kwa miezi mingi ikawa ya pekee.

Kama huko ndiko kupona, Puran hajui kusema. Siku nyingi bado anaamka akiwa mzito na mbali, kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani. Haji Zarabi alifanyiwa na jicho la pili, akapona, akawa anaona hadi vumbi, na Puran alipokuja kuaga, mzee alimjibu kwamba kwa kuwa sasa anaona vizuri ndipo amegundua kwamba hata zamani hakuwa anaona. Basi bado yuko pale, Jumamosi na Jumanne, kwenye kigoda chini ya dirisha. Ukienda kununua atakuuliza mlango wako unafungukia wapi.

Nyumbani anapita koridoni peku. Akiwa jikoni, mlango wa kutokea koridoni huuacha wazi, asikie.